Mwili Hauulizi Uchovu Umetoka Wapi

MWALIMU: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Tuko Nakuru, mvua imeanza tangu saa tisa, kwa hivyo mkisikia mabati yakilia, ndiyo hiyo. Niko na mwenzangu Sista, muuguzi, ametoka zamu ya usiku asubuhi hii. Sista, umelala kweli?

SISTA: Nimelala masaa manne, Mwalimu. Nilifika nyumbani saa mbili, nikanywa uji, nikafunga pazia. Saa sita na nusu mtoto akarudi kutoka shule, usingizi ukaishia hapo.

MWALIMU: Basi mada ya leo, kushindana ukiwa umechoka, umekuja nayo mwilini. Wengi wanajiandaa kwa marathoni ya Nairobi mwezi wa Oktoba, na wikendi hizi zote kuna mbio huku na kule, kilomita 10, kilomita 21. Kila mtu anauliza, niende au nisiende? Miguu ni mizito, lakini nimeshalipia. Wewe Julai ulienda Kisumu. Nataka uanze na hiyo.

SISTA: Nitaisema yote, kwa sababu najua kuna mtu anasikiliza anataka kufanya vile nilivyofanya. Zilikuwa kilomita 21. Wiki ile nilikuwa na zamu ya usiku Jumatano na Alhamisi. Ijumaa nikalala kidogo mchana, Jumamosi nikapanda matatu hadi Kisumu, Jumapili saa kumi na mbili na nusu niko kwenye mstari. Nikajiambia, mimi natoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari. Kisumu ni kama mita 1,130. Hewa ni nzito kule chini, ina oksijeni zaidi, nitapaa.

MWALIMU: Hapo ndipo watu wetu wa juu wanaponaswa. Hewa ni nzito, ndiyo, lakini na joto je? Na ule unyevu wa ziwa? Jasho linatoka na halikauki, na jasho lisipokauka halikupozi.

SISTA: Kilomita 10 nilipita kwa dakika 49. Lengo langu la marathoni ni saa tatu na dakika 45, yaani dakika tano na sekunde 20 kwa kila kilomita. Pale nilikuwa chini ya tano. Nikafurahi. Kilomita ya 13 jua likatoka vizuri, na miguu ikaanza kukataa. Haikuuma, Mwalimu. Ilikataa tu, kama unaita mtu na hageuki. Nikamaliza kwa saa moja na dakika 58. Zile kilomita 11 za mwisho, kila moja ilinichukua zaidi ya dakika sita.

MWALIMU: Na ulipofika?

SISTA: Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikashindwa kufungua kamba za viatu. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Kijana mmoja wa kugawa maji akaweka jagi chini, akapiga magoti, akanifungulia. Hakusema kitu. Mpaka leo namkumbuka.

MWALIMU: Pole, Sista. Lakini mimi naona kosa si pale Kisumu. Kosa lilikuja Jumanne.

SISTA: Ndiyo. Jumanne niliangalia ile saa moja na dakika 58, nikajiambia, wewe huna mazoezi. Nikaenda Menengai. Nikapanda mpaka juu ukingoni mwa lile shimo la volkano, nikateremka mbio. Alhamisi nikarudia.

MWALIMU: Wasikilizaji, sikilizeni hapo. Alikimbia akiwa amekosa usingizi wa siku mbili, kwenye joto asilolizoea, akaanza kwa kasi isiyokuwa yake. Yale matokeo hayakuwa yanasema lolote kuhusu mazoezi yake ya miezi miwili. Yalikuwa yanasema kuhusu wiki ile. Yeye akayachukua kama hukumu, akaenda kujiadhibu. Na kujiadhibu kwenyewe kwa kuteremka! Kuteremka ndiko kunakochana misuli kuliko kupanda, kwa sababu paja linafanya kazi ya breki kila hatua. Pumzi haikuambii, unajiona uko sawa, kesho yake huwezi kushuka ngazi.

SISTA: Ngazi za wadi nilikuwa nateremka kinyumenyume nikishika chuma.

MWALIMU: Nakubali mtu ashindane akiwa amechoka. Wiki za katikati za mazoezi ya marathoni lazima mtu awe amechoka, kama hujachoka huna unachojenga. Lakini basi shika hatamu. Unaingia kwenye 21 miguu ikiwa mizito, unakimbia kwa mwendo wako wa marathoni, ile tano na 20, unamaliza saa moja na dakika 52 au 53, unaenda nyumbani ukiwa na kitu kimebaki. Hayo ni mazoezi yenye namba kifuani. Au, njia ya pili, unapumzika siku kadhaa kabla, unaenda kwa nguvu zote, halafu unakubali kwamba wiki nzima na zaidi baada ya hapo ni ya polepole. Mimi hutumia hesabu yangu, kilomita mbili za mashindano kwa siku moja ya polepole. 21 zinakudai siku 10 hivi. Watu wanataka kwenda kwa nguvu zote na wakati huohuo wasipunguze mazoezi kabla wala baada. Mbio za sakafuni hizo.

SISTA: Huishia ukingoni, najua. Lakini Mwalimu, hapa nitakupinga kidogo. Wewe ukiachiwa, ungetuambia tusishindane kabisa mpaka Oktoba.

MWALIMU: Moja. Mbili ikizidi.

SISTA: Mimi nasema sisi ambao hatukimbilii pesa tunahitaji zile mbio. Kuna mambo huwezi kujifunza barabara ya Menengai ukiwa peke yako. Kuamka saa kumi usiku na kula wakati tumbo halitaki. Choo, tuseme wazi, choo. Kunywa maji ukiwa mbioni. Mara ya kwanza nilipopewa kikombe cha karatasi, maji yote yaliingia puani. Sasa najua, unakibana juu kiwe kama mdomo wa birika, unapiga mafundo mawili madogo. Na kujizuia watu wanapokupita kilomita ya kwanza. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, na nani atakupita mazoezini?

MWALIMU: Hapo sina jibu. Ni kweli.

SISTA: Na furaha pia. Mtu anafanya kazi wiki nzima, anataka siku ya kukimbia na watu.

MWALIMU: Nakubali, na furaha siwezi kuipigia hesabu. Ila niambie unaenda kujifunza nini kabla hujaenda. Mimi nilipokuwa kijana nilikuwa nakimbilia zawadi. Wakati ule ukisikia kuna mbio mahali, unaenda, kuna shilingi elfu kadhaa, kuna blanketi. Nilishindana mara tatu katika wiki nne, na nilikuwa najiandaa kwa marathoni yangu ya kwanza. Muundi ukaanza kuuma. Nikapaka dawa ya kuchua, nikaendelea. Siku moja nikaweka kidole gumba kwenye mfupa, hapa kwa ndani, mahali pamoja tu, padogo kama shilingi. Nikaruka. Hospitalini wakaniambia mfupa una ufa. Ile marathoni sikuikimbia, na miaka miwili iliyofuata sikukimbia chochote cha maana.

SISTA: Na hiyo ni alama nzuri kwa wasikilizaji. Maumivu yaliyoenea kwenye msuli mzima ni uchovu wa kawaida mara nyingi. Maumivu ya nukta moja juu ya mfupa, ukigusa unaruka, acha kukimbia uende ukaonwe.

MWALIMU: Watu wanadhani mabingwa wetu wanashindana kila siku. Waangalie. Eliud Kipchoge kwa miaka mingi alikuwa mtu wa marathoni mbili kwa mwaka. Pale kambini Kaptagat ratiba inajulikana, Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu za kilomita 30 au 40, Jumamosi fatleki, yaani kubadilisha kasi, mbio kali kidogo kisha polepole, tena na tena. Siku zilizobaki wanakimbia polepole mpaka mgeni anashangaa kwamba anaweza kufuatana nao. Na marehemu Kelvin Kiptum, alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake. Valencia Desemba 2022, London Aprili 2023, halafu Chicago tarehe 8 Oktoba 2023, akaweka rekodi ya dunia ya saa mbili na sekunde 35. Kati ya moja na nyingine ilipita miezi minne na zaidi. Februari mwaka uliofuata ajali ikamchukua, akiwa na miaka 24. Bado inaniuma.

SISTA: Inatuuma wote.

MWALIMU: Na hao kazi yao ni kukimbia na kulala. Mchana wanalala. Wewe ukitoka wadini unaenda kupika.

SISTA: Hilo ndilo nililochelewa kulielewa. Nilikuwa na daftari la kilomita, na nilikuwa nahesabu uchovu wa kilomita tu. Mwili haufungui madaftari mawili. Usiku wa kusimama masaa 12, kuinua wagonjwa, mtoto akiwa na homa nyumbani, mawazo ya karo, vyote vinaingia mahali pamoja na zile kilomita. Sasa wiki ya zamu za usiku nimeitoa kabisa kwenye mazoezi magumu. Nakimbia polepole siku tatu, basi. Wiki ya mchana ndiyo ya kazi.

MWALIMU: Na mapigo ya moyo?

SISTA: Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani, vidole viwili mkononi, nahesabu dakika nzima. Kawaida yangu ni 54 hadi 56. Ikifika 64, 65 siku mbili mfululizo, mazoezi magumu yanaahirishwa, hata kama najisikia vizuri. Lakini Mwalimu, kuna jambo lingine la Kisumu hatujamaliza.

MWALIMU: Sema.

SISTA: Siku kumi na mbili baada ya zile mbio, bado nilikuwa hoi. Nikasema ni 21 hizo, ni Menengai, ni usiku. Kila uchovu nilikuwa na jina lake. Kichwa kikauma kidogo, nikasema ni usingizi. Ile asubuhi mapigo yalikuwa 78. Jioni nikaanza kutetemeka. Nikapimwa, kipimo cha haraka cha kidole, mstari wa pili ukatokea. Malaria.

MWALIMU: Na wewe ni muuguzi.

SISTA: Na mimi ni muuguzi. Ndiyo maana nalisema kwa uchungu. Sisi wa Nakuru hatuna malaria nyingi, kwa hivyo hatuifikirii. Ukanda wa ziwa iko mwaka mzima. Ukiumwa na mbu Kisumu leo, malaria hii yetu ya kawaida hujitokeza baada ya siku saba hadi mwezi mmoja, wakati umeshasahau kwamba ulisafiri. Mkimbiaji ana hatari ya pekee hapo, kwa sababu amezoea kuchoka. Ana sababu tayari. Ukienda kukimbia ziwani, lala ndani ya neti, jipake dawa ya kufukuza mbu jioni, na ukirudi ukawa mchovu usioisha au mwenye homa, nenda upimwe siku hiyohiyo. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

MWALIMU: Na dada zetu, upungufu wa damu.

SISTA: Madini ya chuma, ndiyo. Mwanamke anayekimbia sana na anapoteza damu kila mwezi anaweza kuishiwa chuma polepole sana, mpaka anadhani ndivyo alivyo. Akipanda ngazi anahema. Hilo nalo linapimwa, halikisiwi. Na chai wakati wa chakula inazuia chuma kisiingie vizuri, iache ikae saa moja hivi mbali na mlo. Najua nasema hayo kwa Wakenya.

MWALIMU: Hilo tutapigiwa simu. Chakula baada ya mbio ndefu pia, mtu anarudi saa nne asubuhi anakunywa chai na mkate mmoja, anakaa mpaka ugali wa jioni. Ile akiba ya wanga kwenye misuli, ambayo huisha karibu na kilomita ya 30 ukikimbia kwa bidii, inahitaji siku nzima au mbili kujaa tena, na ni kwa kula. Viazi hapa Nakuru tunavyo. Kula ndani ya saa moja.

SISTA: Sasa mimi nina swali langu mwenyewe. Jumapili hii kuna kilomita 10 hapa mjini. Nimeshalipia. Alhamisi na Ijumaa niko usiku.

MWALIMU: Mapigo ya leo?

SISTA: 61.

MWALIMU: Na ile 21 ya kupima mwendo umeipanga lini?

SISTA: Wiki tano kabla ya marathoni. Halafu baada yake nafanya kama ulivyonifundisha, wiki mbili na nusu za mwisho nashusha kilomita karibu nusu, nabakiza kasi kidogo.

MWALIMU: Basi 10 za Jumapili zinakufundisha nini ambacho ile 21 haitakufundisha?

SISTA: Hakuna. Nilitaka tu kuwa pale.

MWALIMU: Unaweza kuwa pale. Wanaohitaji watu wa meza za maji ni wengi, na wewe unajua kubana kikombe. Nitasimama na wewe.

SISTA: Na kukimbia?

MWALIMU: Jumatatu. Kilomita nane tambarare upande wa Lanet, Menengai tuiache. Nikupitie saa ngapi?

SISTA: Jumapili saa kumi na moja na nusu. Jumatatu niache nilale mpaka saa moja.