PCOS, Uzito na Kisu: Kabla Hujapanda Treni Kwenda Dar

Mwakeye! Karibuni sana. Nawaona akina dada wa Mwanga na Ujiji, nawaona walimu, nawaona mama zangu wa biashara ya dagaa kutoka Kibirizi, na akina kaka wachache mmekaa karibu na mlango. Msikimbie, zamu yenu inakuja.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mwanamke mwenye PCOS, ile hali ya homoni inayovuruga hedhi na kuzuia mayai kupevuka, anayefikiria kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Zamani ukisikia habari hizi ulijua zinahusu watu wa nje. Siku hizi anayeniuliza ni mtu wa Gungu, ameona kwenye simu yake picha za dada aliyepungua mpaka huwezi kumtambua, na amesikia kwamba hospitali ya Mloganzila, kule Dar, wanafanya. Anataka kujua auze kiwanja au asiuze.

Niseme msimamo wangu mapema, msije mkakaa mnaubahatisha. Siupingi upasuaji huu. Ninachokipinga ni mtu kuuchukulia kama safari ya kwenda Dar na kurudi. Kisu chenyewe ni cha saa chache, ila utaishi nacho miaka yote uliyobakiza, na utaishi nacho hapa Kigoma, kwa ugali wa hapa, duka la dawa la hapa na muuguzi wa zahanati ya hapa. Kwa hiyo nusu ya mazungumzo yangu leo ni kuhusu hapa, wala siyo Dar.

Tuanze na ugonjwa. Wengi wanaingia kwangu na karatasi ya ultrasaundi mkononi: "Daktari, nimeambiwa nina vimbe kwenye mayai, nataka zitolewe." Mama, hakuna cha kutoa. Zile duara ndogondogo zilizoonekana ni mayai yako mwenyewe yaliyoanza kukua yakakwama njiani, hayakupevuka wala hayakutoka. Na karatasi ile peke yake haitoshi kukupa ugonjwa. Kwa vigezo vinavyotumika tangu mwaka 2003, tunatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyoeleweka, dalili za homoni za kiume kuzidi (ndevu, chunusi sugu, nywele kunyonyoka utosini, au kipimo cha damu), na mayai mengi yaliyokwama. Tena kabla ya kutamka PCOS tunaangalia kwanza kama si tezi ya shingo au homoni ya maziwa inayovuruga mambo. Mtu akikuhukumu kwa picha moja tu, omba vipimo vingine.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wanawake 100 walio kwenye umri wa kuzaa, 8 hadi 13 wana hali hii, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajawahi kupimwa wakaambiwa. Wanaambiwa mengine. Wanaambiwa ni chango. Wanaambiwa wametupiwa kitu na mawifi. Wanauziwa chupa ya kusafisha kizazi, kana kwamba kizazi ni sufuria. Nimeona wanawake waliomaliza pesa ya ada za watoto kwenye hizo chupa, na inaniudhi mpaka leo.

Sasa angalieni shingo. Kuna dada anakuja amefunga mtandio hata kwenye jua la mchana. Ukimwomba aufungue, nyuma ya shingo pana weusi mzito, ngozi imekuwa nene kama mahameli. Anakwambia anaoga vizuri, amesugua na dodoki, amesugua na limao, hautoki. Hautatoka, kwa sababu siyo uchafu. Ni insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kwa wengi wenye PCOS mwili umekuwa mgumu kuisikia insulini, basi kongosho linazidi kuimwaga. Insulini hiyo ikizidi inaweusha ngozi, inaufanya mwili ujilimbikizie mafuta kiunoni, na inazisukuma ovari zitengeneze homoni za kiume kwa wingi. Uzito ukiongezeka, ugumu ule unazidi, na mzunguko unaendelea. Ndiyo maana dada huyu anakula sahani moja na shoga yake, shoga hanenepi, yeye ananenepa. Halafu mtaani wanasema ama ni mvivu, ama mumewe anamtunza vizuri!

Wapo pia wembamba wenye PCOS. Hao upasuaji wa uzito hauwahusu kabisa, nawapita.

Kwa mnene, habari njema ni kwamba hahitaji kupungua mpaka awe mwembamba. Akipungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, mara nyingi hedhi inaanza kujirekebisha. Mtu wa kilo 95, hizo ni kilo kama 5 mpaka 9 na nusu. Dawa zipo: metformini kwa ajili ya insulini, vidonge vya uzazi wa mpango vya kupanga hedhi na kushusha homoni za kiume, na letrozoli ya kupevusha yai kwa anayetafuta mtoto. Sindano za kupunguza hamu ya kula nazo zimeingia, bei yake siyo ya mchezo, na anayetumia semaglutaidi lazima aiache miezi 2 kabla ya kubeba mimba.

Hapo kwenye hedhi nisimame kidogo. Kuna mwanamke anakaa miezi sita haoni siku zake na anafurahi, anasema ameokoa hela ya pedi. Jamani, ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kunenepa humo ndani bila kumwagika, na ukiachwa miaka na miaka unaweza kugeuka saratani. Ikipita miezi mitatu hujaona, njoo upewe dawa ya kuishusha. Jambo hili halingoji upasuaji wala halingoji upungue.

Haya, kisu chenyewe. Nani anafaa? Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unasema anayefika 35 anaweza kufikiriwa hata kama hana ugonjwa mwingine, na wa kuanzia 30 kama ana kisukari au maradhi mengine ya jamii hiyo. Kwa mwenye urefu wa sentimita 160, hiyo 35 inaanzia kama kilo 90. Nasema anaweza kufikiriwa. Hilo halimaanishi kwamba ni lazima apasuliwe.

Upasuaji unaofanyika zaidi ni wa aina mbili. Wa kwanza wanakata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, karibu robo tatu au zaidi, linabaki kama bomba jembamba. Kilichotolewa hakirudi. Wa pili wanatengeneza kifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kinaruka sehemu ya njia. Zote zinapunguza njaa na zinabadilisha homoni za utumbo, na ugumu wa insulini unaanza kulegea hata kabla kilo nyingi hazijashuka. Puto ni kitu kingine. Linawekwa tumboni kwa kamera kupitia mdomoni, baada ya miezi linatolewa, na uzito hupenda kurudi likishatoka.

Je, inasaidia PCOS? Mwaka 2024 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza kwa wanawake 80 wenye PCOS na unene wa 35 kwenda juu. Nusu walikatwa tumbo, nusu walipewa matibabu ya kawaida. Kwa wiki 52 waliopasuliwa walipevusha yai mara 6 kwa mtu wa katikati, wenzao mara 2. Ni tofauti kubwa. Lakini someni vizuri walichohesabu: walihesabu mayai kupevuka, hawakuhesabu watoto waliozaliwa. Anayekwambia upasuaji huu ni dawa ya ugumba amekuruka hatua kadhaa.

Na mojawapo ya hatua hizo imekaa pale mlangoni. Kaka zangu, kabla mke hajauza kiwanja akatwe tumbo ili apate mtoto, wewe umepima mbegu? Kipimo ni cha siku moja. Nimeona ndoa ambamo mwanamke amekunywa kila dawa, na mume hajawahi kutoa hata kikombe kimoja maabara.

Turudi Kigoma, maana ndipo penye kazi. Umefanyiwa, umepona, unataka kurudi nyumbani. Usirudi mapema. Hatari kubwa ya mwanzo ni mshono wa tumbo kuvuja, na hilo hutokea wiki za kwanza: homa, moyo kwenda mbio, maumivu yanayopanda begani. Vifo ni vichache kwenye vituo vyenye uzoefu, karibu 1 kwa 1,000, lakini ukiwa ndani ya behewa, reli ya zaidi ya kilomita 1,200, hakuna wa kukufungua tumbo. Panga mahali pa kukaa Dar mpaka daktari wako aseme nenda.

Ukisharudi, sikilizeni hili kuliko yote. Ukianza kutapika mfululizo utapelekwa zahanati. Watakupima malaria, halafu watakutundikia dripu ya glukosi kwa nia njema kabisa. Mtu aliyepasuliwa tumbo akitapika siku nyingi anaishiwa vitamini B1 haraka, na glukosi ikiingia kabla ya vitamini hiyo inaweza kumuumiza ubongo: anachanganyikiwa, macho yanaona vitu viwiliviwili, miguu haina nguvu. Thiamini kwanza, glukosi baadaye. Waandikie kwenye karatasi, uiweke pamoja na kadi ya bima, na mtu wa nyumbani aijue.

Na kutapika huko kunaweza kuwa mimba. Hapa wenye PCOS wananaswa sana. Umezoea kukaa miezi bila hedhi, huna wazo kwamba sasa mayai yanatoka. Ushauri ni kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji ndipo ubebe, kwa sababu kipindi hicho mwili unapungua kwa kasi na mtoto atapungukiwa. Basi uzazi wa mpango upangwe kabla ya kwenda, na usitegemee vidonge, hasa ukifanyiwa ule wa kurukisha njia, kwa kuwa huenda visinyonywe sawasawa. Kipandikizi au kitanzi vinafaa. Kitanzi chenye homoni, ukikipata, kinalinda pia ule ukuta wa uzazi niliousema. Najua kumwambia mtu aliyehangaika miaka kutafuta mtoto akaweke kipandikizi kunamkata maini. Mweleze na mama mkwe mapema, asije akadhani umekataa kuzaa.

Dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni, hizi mnazonunua bila hata kuuliza mgongo ukiuma, ziwe mwiko, zinatoboa vidonda tumboni, pale ulipounganishwa. Parasetamoli inatosha. Vitamini ni za maisha: B12, chuma, kalisiamu, vitamini D, foliki. Damu inapimwa kila mwaka. Ulizeni hospitali yetu ya Maweni, au hospitali mnayotibiwa, ni kipimo gani kinafanyika hapahapa na kipi kitahitaji safari ya Mwanza au Dar, mkiweke kwenye bajeti sasa hivi. Chuma usikimeze na chai, chai inakizuia, na usikichanganye na kalisiamu, viachanishe saa mbili.

Chakula. Ugali wetu wa muhogo hauna protini ya maana, na tumbo la bomba linajaa kwa tonge chache. Ukianza na ugali, umekwisha shiba na hujala kitu. Anza na mgebuka, au dagaa ambao unawala na mifupa yao kwa hiyo kalisiamu imo, kisha mboga, ugali uje mwisho kama bado pana nafasi. Mawese usiyakimbie, pima kwa kijiko. Soda na juisi za sukari zitakutoa jasho na kukuharisha, hasa waliorukishwa njia.

Nywele za kichwani zitanyonyoka mwezi wa tatu hadi wa sita, mara nyingi zinarudi. Ndevu zilizokwisha kukomaa hazidondoki, zitapungua kasi tu, wembe au mashine utaendelea navyo.

Maswali. Nilisoma hili kwenye kikaratasi: "Daktari, nina miaka 26, kilo 88, urefu sentimita 158, sina mtoto, hedhi inakuja mara tatu kwa mwaka. Niende?" Hesabu yako inatoka kama 35, umegusa mstari. Ningekuwa mimi daktari wako, ningepima kwanza sukari, tezi na homoni ya maziwa, nikushushie hedhi, nikuanzishe metformini na mpango wa chakula, tuone miezi sita. Mwenzio akapime mbegu ndani ya hiyo miezi. Sukari ikitoka juu, au tukikwama, nitakuandikia barua ya Mloganzila mwenyewe.

Na wewe mama wa mbele, uliuliza kama ukipungua PCOS itakuwa imekwisha na uache dawa. Haiishi. Inatulia. Uzito ukirudi nayo inaamka, na hata usiporudi tutaendelea kuangalia sukari yako na hedhi yako. Dawa zipi zipunguzwe tutaamua kwa vipimo, wewe usiache mwenyewe. Kuna mkono mwingine umeinuliwa kule nyuma. Karibu, kaka.