Gobore la babu na uwindaji wa kwetu Tabora

Ndugu watazamaji mlioko nyumbani, hamjambo, na wazee wangu shikamooni. Tangu niwaonyeshe msimu wa kuwinda kulungu hapa Pennsylvania, ambapo shule nyingi za vijijini hufungwa Jumatatu inayofuata sikukuu ya Shukrani ili watoto waende porini na wazazi wao, wengi mmeniuliza iwapo mtu wa Tabora anaweza kuyaelewa maisha hayo. Tunayaelewa vizuri, kwa kuwa bunduki zilizoea mikono ya wawindaji wetu tangu karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipopita Unyamwezi na Mtemi Mirambo akaijenga dola yake kwa nguvu ya silaha hizo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na gobore, upande wa Sikonge. Nieleze lilivyofanya kazi, maana vijana wengi hamjaliona. Baruti ilimiminwa kupitia mdomo wa mtutu, ikashindiliwa kwa ufito wa chuma pamoja na kitambaa, zikafuata risasi, na mwisho fataki ikawekwa chini ya nyundo. Mwindaji alipata nafasi ya kupiga mara moja tu, kwani mnyama hangesubiri lijazwe upya. Ndiyo maana babu alimfuata nguruwe pori kwa nyayo mpaka akamkaribia kabisa, na akiona mtu au ng'ombe upande wa pili hakufyatua. Nyumbani silaha ilikaa chumbani mwake bila kujazwa, baruti ikiwa mbali nayo, na hapakuwa na mtoto aliyethubutu kuigusa.

Baba hunisimulia kwamba nguruwe pori walipovamia mahindi na karanga usiku, babu ndiye aliyeitwa, hata kama shamba si lake. Nyama yao iligawiwa majirani walioila. Waislamu walingoja siku ya pongo au swala, na mmoja wao alifuatana na babu porini ili amchinje mnyama kabla hajakata roho. Utaratibu huo naupenda sana, kwa sababu ulimfanya mwindaji awe mtu wa kijiji kizima.

Haikuwa holela. Sheria ya wanyamapori ya 1974 ilidai leseni ya kuwinda, mbali na ile ya kumiliki silaha. Ilipokuja Operesheni Uhai, msako wa serikali dhidi ya majangili, mwaka 1989, tembo na faru wakiteketezwa kwa ajili ya pembe, babu alilisalimisha gobore lake kwa hiari. Naiunga mkono operesheni ile kwa moyo wote, lakini inaniuma kuona kwamba tangu wakati huo mzee yeyote aliyewahi kuwinda hutajwa kama jangili, na wajukuu huona aibu kumuuliza.

Kwa hiyo nimemwomba baba mdogo, aliyekuwa akimbebea babu chakula porini, arekodi anayoyakumbuka kuhusu kusoma nyayo na upepo. Nanyi wenye wazee waliowinda Urambo, Kaliua au Mpanda, waulizeni nani aliwafundisha, nyama iligawanywaje, na ni mnyama gani waliyekatazwa kumpiga. Ninachokiomba ni kumbukumbu. Silaha isiyo na leseni ipelekeni polisi. Sauti ya baba mdogo nitawawekea katika video ijayo.