Biti 12 zinautosha Mlima Rungwe

Habari za asubuhi, na poleni na baridi ya Mbeya.

Tuseme tuna vipimo milioni 1 vya urefu kutoka usawa wa bahari, kuanzia Kyela, karibu mita 500, hadi kilele cha Rungwe, ambacho hakifiki mita 3,000. Tunavihifadhi kwenye Lucene, ile maktaba ya utafutaji ya lugha ya programu ya Java. Kila kimoja kikipewa biti 64, yaani tarakimu 64 za 0 au 1, ni baiti milioni 8. Lakini biti 12 zinabeba hadi 4,095, kwa hiyo nyanda zetu zote zinaenea kwenye baiti milioni 1.5.

Kubana si kazi. Kazi ni kusoma, maana baiti ina biti 8, na baiti nyingine hukaliwa na majirani wawili. Tuhesabu kuanzia sifuri, vipimo na baiti pia. Nataka kipimo namba 5. Mara 12 ni 60. Gawa kwa 8 unapata 7, baki 4. Nenda baiti ya 7, soma baiti mbili kwa mkupuo, sogeza biti 4 kulia, umemaliza. Namba 4 haihitaji kusogezwa, ila usipoichuja kwa 4,095, yaani kubakiza biti zake 12 za chini tu, itaondoka na biti 4 za namba 5. Vipimo vingine vyote hujavigusa.

Sasa aje mtu wa Moshi na Kilimanjaro lake, mita 5,895. Hiyo lumbesa! Lucene huweza kutoa kwanza namba ndogo kuliko zote, lakini hata ukitoa 500 za Kyela bado zinatakiwa biti 13. Na 13 haikupi. Inakupa 16, kwa kuwa baada ya 12 upana unaofuata inaoukubali ni huo. Wapo wanaouita ubadhirifu. Mimi siuiti hivyo: kwa biti 13, namba nyingine zingelalia baiti tatu, na kila anayetafuta angelipia.

Mkiandika urefu kwa sentimita je? Zikiwa mita kamili, tofauti zote zinagawanyika kwa 100. Lucene hutafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika), ileile ya shule ya msingi, hugawa kabla ya kubana, na mnarudi kwenye 12 zenu. Ila akitokea mmoja akaandika 170,001, KKS inashuka hadi 1, na biti zinapanda hadi 20.