Laurdan: kupima maji ndani ya utando wa seli

Leo tushike molekuli moja tu, Laurdan, rangi inayong'aa ikimulikwa. Mara nyingi utasikia kwamba inapima ulaini wa utando. Mimi nasema inapima maji: kiasi kilichopenya hadi usawa wa gliseroli ya fosfolipidi (mafuta yanayojenga utando), na kama maji hayo yana nafasi ya kujigeuza katika zile nanosekunde chache kabla molekuli haijatoa mwanga wake.

Gregorio Weber na mwenzake walieleza Prodan, rangi ya aina hiyohiyo, mwaka 1979. Laurdan ni ndugu yake, ila ana mkia wa kaboni 12 unaomshikilia ndani ya lipidi. Mulika kwa mwanga wa nanomita 350. Utando ulioganda hung'aa karibu na 440. Ukilegea na maji yakaingia, mwanga husogea kuelekea 490. Chukua usomaji wa 440, toa wa 490, gawanya kwa jumla ya yote mawili. Ukipata 300 na 100, jibu ni 0.5. Ukipata 150 na 250, ni −0.25. Hiyo ndiyo GP (generalized polarization), kipimo cha Laurdan.

Anza na liposomu (vipovu vidogo vya utando) za DPPC, aina moja ya fosfolipidi, kwa sababu tunajua zinayeyuka kwenye nyuzi 41. Zilowanishe na uzipitishe kwenye chujio la nanomita 100 zikiwa na nyuzi 50. Zikipoa chini ya 41 hazipiti, na ukilazimisha chujio linapasuka. Kwenye kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya mililita 2 yenye lipidi mikromolari 200, tia mikrolita 1 ya Laurdan ya milimolari 1 iliyoyeyushwa kwa kiyeyushi cha DMSO. Hapo una molekuli moja kwa lipidi 400. Ukizidisha, rangi yenyewe inaanza kuvuruga utando unaoupima. Acha nusu saa gizani, bado kwenye nyuzi 50, ndipo ushushe joto kidogo kidogo. Kipimajoto kiwe ndani ya kuveti. Joto la maji ya mashine huwa si lile la sampuli, na jirani na 41 tofauti ya nyuzi moja inatosha kuharibu mchoro mzima. Andaa pia liposomu zisizo na Laurdan, ili uondoe kwenye hesabu mwanga unaotawanywa na chembe zenyewe.

Kolesteroli ndiyo inayowachanganya wengi. Juu ya 41 inapandisha GP, chini yake inaishusha kidogo, na ikifika kama asilimia 30 ya molekuli zote ule mteremko mkali wa GP kwenye nyuzi 41 unafutika.

Kwenye seli hai mambo huwa magumu zaidi. Laurdan haibaki nje. Huenea hadi tando za ndani zenye kolesteroli chache, kwa hiyo namba ya kuveti ni wastani wa tando zote. Hapo inabidi hadubini, tena ya fotoni mbili (inayoisisimua Laurdan kwa fotoni mbili dhaifu kwa pamoja), kwenye nanomita 780 hivi, maana mwanga wa urujuanimno huifubaza Laurdan upesi. Na kwa kuwa vigunduzi viwili vya mwanga, cha 440 na cha 490, havina hisia sawa, piga kwanza picha ya Laurdan ndani ya DMSO kwa mipangilio ileile, ukokotoe kigezo cha kusahihisha. Ukigusa volteji ya kigunduzi katikati ya kazi, rudia upimaji huo.