Ubani wa Chupani

ZUHURA: Haya jamani, tumerudi, na leo nina jambo. Mbwana analijua nusu tu. Binamu yangu anayeishi Zürich kaniletea kichupa cha sampuli, Incense extrême, marashi ya Andy Tauer. Nikajipaka shingoni, huyo, harusini Ngamiani, hapa Tanga.

MBWANA: Ukajifukiza kwanza.

ZUHURA: Sikujifukiza. Nilitaka ubani wa chupani usimame peke yake.

MBWANA: Dada'ngu! Harusi ya Ngamiani!

ZUHURA: Bibi mmoja akanivuta mkono, akaninusa, akasema, "Mwanangu, mbona wanukia kanisa?" Nilifurahi, kwa sababu pua yake haikukosea. Tauer ni mkemia wa Uswisi, ana nyumba yake mwenyewe ya marashi, hana kampuni kubwa nyuma yake. Yaliyomtangaza ni L'Air du désert marocain, yaani hewa ya jangwa la Moroko, ya 2005. Mle mna bizari nyembamba na giligilani, viungo vya pilau kabisa, na bado ukinusa unaona jangwa. Haya ya Incense extrême ni makavu zaidi. Ubani na mbao. Utamu hamna.

MBWANA: Ndiyo maana bibi alishtuka. Hapakuwa na sukari.

ZUHURA: Ushaanza na udi wako wa kupika.

MBWANA: Naanza, ndiyo! Sukari inayeyushwa mpaka iwe nyekundu. Unatia marashi ya mawaridi, vipande vya udi, miski, zafarani. Unakoroga mpaka mkono uume. Ukishapoa unavunjavunja, unaweka kwenye kopo. Siku ya siku kipande kimoja tu juu ya kaa, mtaa mzima unajua humu ndani mna bi harusi.

ZUHURA: Mtaa unanusa sukari iliyoungua. Kaka'ngu, udi ni mti ulioumwa. Kuvu imeuingia, mti ukatoa utomvu mweusi wa kujikinga, na utomvu huo ndio tunaoununua kwa bei ile. Halafu wewe unaufunika!

MBWANA: Siufuniki. Sukari inaushika moshi, unatoka polepole. Udi mtupu ukikaa vibaya kwenye kaa unaungua upesi, umebaki na majivu.

ZUHURA: Basi punguza kaa, usiongeze sukari.

MBWANA: Mama zetu wamepika hivi na nguo zao zinanukia kabatini mwaka mzima.

ZUHURA: Za kwetu pia zinanukia, na mama hatii sukari.

MBWANA: Kwenu mlihamia kutoka Pangani.

ZUHURA: Pangani imeingiaje hapa? Turudi kwa Tauer, tafadhali.

MBWANA: Turudi. Mimi nasema ubani bila moto haujamaliza safari. Kule Dhofar, Oman, na Somalia wanakwangua gome, utomvu unatoka, unagandia mtini. Huo ni mwanzo tu. Wenye viwanda wakiukeneka kwa mvuke wanapata mafuta mepesi, yanayonukia ndimu na msonobari. Mazito yote yamebaki chunguni. Moto ndio unaoyatoa.

ZUHURA: Si yote yanayobaki. Mwaka 2016 wanakemia wa Nice, Ufaransa, walizitambua asidi mbili ndani ya ubani, na hizo ndizo zenye ile harufu ya kanisa kongwe. Zimo kwenye utomvu kabla hujawasha chochote. Kwa hiyo aliyonusa bibi shingoni kwangu ni ubani hasa, haukuhitaji kaa.

MBWANA: Asidi nakubali. Lakini chetezo kinapita, huyu anafukiza mtandio, yule kanzu, mgeni anatoka na harufu ya nyumba uliyomkaribisha. Chupa yako imemnukisha Zuhura peke yake.

ZUHURA: Na kuna siku mtu anataka kunukia mwenyewe! Anakwenda kazini, anapanda daladala, hana chetezo mkononi. Fundi wa marashi anayempa ubani bila kuuchanganya na vanila kamheshimu.

MBWANA: Heshima ya ubani ni kuuchoma.

ZUHURA: Sikubali.

MBWANA: Wala mimi.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha saa. Tuliahidi kueleza namna ya kuchagua marashi kwa joto hili la pwani, wapi pa kujipaka, na jinsi ya kuutambua ubani uliochakachuliwa. Hatukugusa hata moja.

MBWANA: Moja tu, kwa wenye harusi Jumamosi. Fukiza kwanza, marashi baadaye.

ZUHURA: Marashi kwanza, ngozi ikiwa bado na unyevu!

MBWANA: Zuhura, nguo zita...

ZUHURA: Muda umekwisha, kaka'ngu. Wiki ijayo.