Kisiwa Panza: Mwamba Uliofungwa

RAYA: Assalaam alaykum wapenzi wasikilizaji. Leo tunavuka kwenda Kisiwa Panza, kusini ya Pemba. Kaka yangu Khamis amerudi kutoka huko juzi.

KHAMIS: Waalaykum salaam. Da Raya, nimerudi na jambo moja limenikaa moyoni. Ule mwamba wao wa pweza.

RAYA: Tuutafute kwanza. Mtu yuko Chake Chake, anafikaje?

KHAMIS: Gari mpaka Chokocho, halafu chombo. Lakini atazame mwezi kabla ya kutazama saa. Mimi nilikwenda wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi umeandama siku mbili tu. Bamvua kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Mgeni akifika alasiri siku hizo, ataona bahari imejaa, picha nzuri, basi. Mwamba hauoni.

RAYA: Na kijiji chenyewe kinaishi pale mwambani.

KHAMIS: Wanawake na watoto washateremka mapema, ndoo mkononi, kanga zimekazwa kiunoni. Nilimfuata mama mmoja, makamo ya mama yetu. Alikuwa na kijiti cha chuma tu. Anapita mashimo kumi bila kusimama, la kumi na moja anasimama. Nikamuuliza, "Mama, umejuaje?" Akaniinamisha: mlangoni mwa shimo pana magamba ya kaa, mapya, bado yana rangi. Pweza akishakula hutupa magamba nje. Yale ya zamani yanaota mwani na kuingia mchanga, hayo anayapita.

RAYA: Yaani anasoma jaa la mwenye nyumba!

KHAMIS: Ndiyo hivyo. Akachokoa kidogo, mkono mmoja ukatoka, ukazunguka chuma. Aliponitolea nimwone, yule pweza alibadilika rangi mara tatu machoni pangu, kahawia, nyeupe, kahawia tena.

RAYA: Sasa tueleze huko kufunga.

KHAMIS: Kijiji kinakubaliana, sehemu ya mwamba inafungwa miezi kama mitatu, hapana kugusa pweza. Sehemu nyengine watu wanaendelea kuvua. Wameanza zamani kidogo, wakishirikiana na Mwambao, ile taasisi inayofanya kazi na jamii za pwani. Na ulinzi ni wao wenyewe, kamati ya wavuvi ya shehia, yaani ya mtaa wao.

RAYA: Kwa nini miezi mitatu itoshe? Samaki kama changu humfungii miezi mitatu ukaona tofauti.

KHAMIS: Kwa sababu pweza maisha yake mafupi, mwaka, mwaka na kitu. Anakua mbio mbio. Ukimwacha miezi mitatu, yule uliyekuwa ukimtia ndooni kama kiganja anakuwa wa kubeba kwa mikono miwili. Halafu jike hutaga mara moja tu katika umri wake. Anayakalia mayai shimoni, hali, anayapepea maji mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimtoa kabla ya hapo umechukua yeye na kizazi chake.

RAYA: Subhanallah. Lakini nikwambie linalonigusa mimi. Mwanamke anayevua kwa miguu hana chombo cha kumpeleka mwamba wa mbali. Ukimfungia ule wa karibu, miezi mitatu kwa mwenye sufuria jikoni ni mirefu. Na siku ya kufungua wanakuja wanaume na miwani na vyombo, wanazama, wanawahi wakubwa.

KHAMIS: Hilo ni kweli, na ndilo la kuamuliwa kabla ya kufunga, si siku ya kufungua. Mimi naona wanawake wapewe mwanzo, maji yakianza tu kupwa.

RAYA: Hapo tuko pamoja. Na nchi kavu?

KHAMIS: Mikoko, mkandaa, mchu, miti ya kwenye maji ya chumvi. Kuna mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi, na watu wanapanda mikoko kuyazuia. Wakati wa magharibi ukitulia unawaona popo wanaondoka mitini. Hawa popo wakubwa wa Pemba hawapatikani popote duniani ila Pemba. Mabawa yakinyooka yanafika karibu mita 1.6, na kichwa chake kama cha mbweha. Wakati fulani waliwindwa sana wakapungua. Sasa wanapita kundi kwa kundi, husikii ila mabawa.

RAYA: Anayetaka kwenda?

KHAMIS: Aanze kwa sheha, mkuu wa shehia, aombe ruhusa, avae vya heshima. Mwambani asitangulie, afuate wenyewe. Jiwe akiligeuza alirudishe lilivyokuwa, chini yake pana viumbe.

RAYA: Bamvua lijalo nakwenda mie, inshallah. Nitamtafuta yule mama.

KHAMIS: Utamkuta. Viatu usivisahau, kuna miba.