Sarafu Iliyochimbwa na Sarafu Iliyookotwa

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie mambo ya kale ya Kilwa, na najua wengi mnangoja nianze na Msikiti Mkuu na kuba zake, au jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Hayo anayetaka kuyaona apande mashua pale Kilwa Masoko, kabla hajamaliza mazungumzo na nahodha atakuwa ameshafika kisiwani. Mimi leo nimekuja na kitu kinachoweza kupotea mfukoni. Nimekuja na sarafu.

Tuitazame kwanza. Ni kipande cha shaba, chembamba, na ukingo wake haukukaa mviringo sawasawa, maana kiligongwa kwa mkono, kimoja kimoja. Kikilala ardhini karne kadhaa huota kutu ya kijani. Kikisafishwa na anayejua kazi (si kwa ndimu na mchanga, tafadhali, nimeshaona watu wakifanya hivyo), hutokea maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja kuna jina la mtawala. Ukigeuza, kuna maneno kwamba mtu huyo anamtegemea Mola wake. Na pande hizo mbili zina vina! Unasoma wa kwanza, unageuza, unasoma wa pili, umekamilisha mishororo miwili. Watu wa pwani hata pesa waliitia vina.

Walichosahau, au hawakuona haja nacho, ni mwaka. Sarafu hizi za shaba hazina tarehe, na hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa ngumu.

Jina linalojirudia sana kwenye sarafu hizo ni la Ali bin al-Hasan. Huyu si mgeni kwenu. Ndiye yule wa hadithi ya Washirazi, watu wa kutoka Uajemi, aliyefika na jahazi akakinunua kisiwa kwa mtawala mwenyeji kwa nguo za kukizunguka pande zote. Masimulizi hayo yamo katika historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo nakala yake iko London, na Mreno João de Barros naye aliyaandika katika karne ya 16 kwa namna yake. Tukifuata masimulizi, Ali alifika katikati ya karne ya 10.

Katika miaka ya 1960 alikuja mwanaakiolojia Neville Chittick, akachimba Kilwa kwa misimu kadhaa. Ilikuwa kazi kubwa, na mpaka leo hakuna anayeandika kuhusu Kilwa bila kupitia kwake. Kwa kufuata matabaka ya udongo na vigae vya vyombo vya kutoka nje, aliona kwamba Ali bin al-Hasan hawezi kuwa wa zamani kiasi hicho. Akamweka mwishoni mwa karne ya 12. Yaani zaidi ya miaka 200 ikakatwa kwenye masimulizi ya wazee, na vitabu vya shule vikafuata.

Sasa twende Pemba. Mkabala na Wete kuna mahali panaitwa Mtambwe Mkuu. Maji yakijaa ni kisiwa, yakipwa unavuka kwa miguu. Mwaka 1984 wachimbaji wakiongozwa na Mark Horton walikuta hapo hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa huku huku kwetu. Na jina la Ali bin al-Hasan limo.

Kilichofanya wataalamu wakose usingizi kilikuwa pembeni. Katika hazina ileile mlikuwa na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri. Wafatimi hawakuwa na mzaha kwenye pesa: dinari yao inataja mwaka. Iliyo mpya kuliko zote ni ya miaka ya 1060.

Hapa naomba tuende polepole, maana watu wengi huruka. Dinari hiyo haisemi kwamba hazina ilifukiwa mwaka huohuo. Inasema tu kwamba haikufukiwa kabla yake. Lakini kama mtu angekuwa anaweka akiba hadi mwaka 1200, tungetarajia kukuta hata sarafu moja ya baadaye. Hakuna. Ukijumlisha na udongo uliokuwa umezizunguka, unaona kwamba hazina ilifungwa muda si mrefu baada ya miaka hiyo. Basi Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo humo, hawezi kusubiri hadi mwisho wa karne ya 12. Anarudi nyuma hadi karne ya 11. Miaka mia na zaidi imesogezwa na rundo la vipande ambavyo vyote vingeingia kwenye kata moja ya maji.

Sisemi hadithi ya nguo za kuzunguka kisiwa imethibitika. Ninachosema ni kwamba masimulizi ya wazee yalikuwa karibu na ukweli wa tarehe kuliko tulivyoyapa heshima. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na bara yake, nao ukaonyesha kwamba damu ya Kiafrika na ya Kiajemi ilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Nao unaelekea kulekule.

Najua kuna kijana ataniuliza habari za Australia, kwa hiyo nimtangulie. Ni kweli. Mwaka 1944 mwanajeshi wa kituo cha rada, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Baada ya miaka mingi zilipochunguzwa, 5 zilikuwa za Kilwa. Tangu hapo mitandaoni hakupiti muda bila mtu kuandika kwamba Waswahili waligundua Australia.

Napenda sana iwe kweli. Lakini zile 4 zilizobaki ni za kampuni ya biashara ya Waholanzi, za karne ya 17 na ya 18. Tumia kipimo kilekile cha Mtambwe. Kama zote ziliangushwa pamoja, basi ziliangushwa katika karne ya 18 au baadaye, wakati Kilwa ilikuwa imeshaacha kugonga sarafu hizo siku nyingi. Anaweza kuwa baharia yeyote, wa taifa lolote, aliyekuwa nazo mfukoni. Na kama hazikuangushwa pamoja? Hatuwezi kujua, kwa sababu ziliokotwa, hazikuchimbwa. Kina, tabaka, kilichokuwa jirani yake, vyote vimepotea. Kwangu mimi sarafu za Mtambwe, ambazo hazijulikani hata na nusu ya watu wa Pemba, zina thamani mara nyingi zaidi ya hizo maarufu.

Mfano mwingine niupendao ni ile sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Zimbabwe Kuu, ule mji wa kale wa mawe kule bara. Huyu ndiye Sultani aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, na ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa. Kwa pesa, kipande kile cha shaba hakikuwa na maana kule bara. Kwetu kinaunganisha nchi ya dhahabu na mji ulioisimamia biashara yake kupitia bandari ya Sofala.

Na Songo Mnara, jirani ya Kilwa, miaka ya karibuni wachimbaji wamekuwa wakiandika mahali hasa ilipolala kila sarafu. Nyingine zimetoka vyumbani. Nyingine zimetoka makaburini, pamoja na vijiwe. Kwa hiyo watu wale hawakuzitumia sokoni tu, walikwenda nazo kwa marehemu wao pia. Ungezikuta zimechanganywa kwenye kopo la muuzaji, usingelijua hilo kamwe.

Ninyi mnaoishi Kisiwani mnajua mvua kubwa ikinyesha ufukweni hutokea nini. Ukiiona sarafu, iache, weka alama, piga picha na kitu cha kupimia kando yake, kisha mwite mtu wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuziuza bila kibali, ingawa najua bei huulizwa. Haya, karibuni maswali, tuanze na mama pale mbele.